Kabla hujaanza kazi kwa wazee

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Nimefurahi kusikia umepangiwa nyumba ya wazee huko Unguja. Umeniuliza kazi yake ikoje.

Kazi utaizoea: kuogesha, kulisha, kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Linaloamua utaifanya vipi ni hali unayotoka nayo nyumbani. Usingizi, mgongo, mtoto mwenye homa, kodi ya nyumba, vyote vinaingia zamu pamoja nawe.

Tunaye mwenzetu mama yake kapooza. Mchana anamuuguza mama, usiku anakuja kwa wazee. Ana mkono mwepesi kuliko sisi sote, lakini ikifika saa tisa za usiku utamkuta kasimama mbele ya kabati la dawa, anasoma karatasi ile ile mara ya tatu. Wakasema mzembe. Liliniuma sana, kwa sababu hajalala yule! Tulipobadilishana naye zamu akawa mtu mwengine, anacheka na wazee, anawasuka nywele.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuchakaa huku kwa kazi: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi la maana. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa. Inaanza kidogo tu, pale Bi fulani, uliyekuwa ukimjua hata chai yake anaipenda vipi, anapokuwa "yule wa kitanda cha nne." Ukijisikia unasema hivyo, mwambie mkuu wa zamu unahitaji kupumzika. Usione haya.

Mgongo nao uutunze. Usimnyanyue mtu peke yako hata akiwa mwepesi vipi. Mtandikie shuka chini yake, mshike wawili, mvute.

Na watakufa, shoga. Utakuwa umemlisha mtu miaka, siku moja unakuta kitanda kitupu na unatakiwa uendelee kugawa uji. Lia. Ukipata nafasi nenda kwenye hitma yake. Waliojikaza ndio niliowaona wakiacha kazi mapema.

Niandikie umepangiwa zamu gani, na usiku mtoto utamuacha na nani. Kama hakuna mtu, zungumza na wakubwa wa hiyo nyumba ya wazee sasa, kabla hujaripoti.

Wasalaam,
Shoga yako