Barua kwa waandishi wachanga mnaokwenda kongamanoni

Wanangu mnaoandika Kiswahili huko Kampala, Jinja, Gulu na Arua,

Nasikia mnajiandaa kwa kongamano, na safari hii atakuwepo mtunzi wa riwaya ambaye wengi wenu mmemsoma tangu sekondari. Juzi mmoja wenu alipita kwangu kunionyesha shati la kitenge alilolishonesha makusudi, apige naye picha. Shati limemkaa. Nikamuuliza, na mswada wako je? Akacheka: "Bado haujakaa sawa, Mwalimu."

Jibu hilo limeninyima usingizi.

Juni 1962, hapo Makerere, walikutana waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Alikuwepo Achebe, alikuwepo Soyinka, Okigbo, Mphahlele, hata Langston Hughes kutoka Marekani. Katikati ya vigogo hao kulikuwa na mwanafunzi wa chuo hicho hicho, siku hizo akiitwa James Ngugi. Riwaya iliyochapishwa hakuwa nayo hata moja. Alikuwa na mswada. Akamwomba Achebe autazame, na Achebe, pamoja na shughuli zote zile, akautazama, akampa maoni, akawadokeza wachapishaji wake. Mwaka 1964 mswada ule ukatoka kitabu. Huyo ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o aliyetutoka mwaka 2025.

Lakini mkutano ule ulikuwa na mlango mwembamba. Shaaban Robert, gwiji wa Kiswahili, hakuwa na kiti, kwa kuwa hakuandika kwa Kiingereza; na mwezi huo huo akafariki. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulilalamikia jambo hilo baadaye. Ninyi leo mnaitwa kwa Kiswahili chenu, katika nchi ambayo tangu 2005 katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, ingawa wapo majirani zangu ambao wakikisikia bado wanakumbuka askari na bunduki zao. Halafu mwende mikono mitupu?

Chukueni kurasa tatu. Si mia mbili. Mgeni ana begi moja na mgongo mmoja. Zichapeni kwa herufi za kusomeka, na namba ya simu chini ya kila ukurasa, maana karatasi hupoteana. Msimvizie akielekea chakulani. Na kama hamjamaliza hata kitabu chake kimoja, kaeni nyuma msikilize, si dhambi.

Sasa wasomaji. Hapa nina deni langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilialikwa kuzungumzia kijitabu changu, mimi na koti langu la kuazima. Akasimama mzee mmoja, askari mstaafu, ametoka Bombo kwa taksi. Kitabu amekifunga kwa gazeti, kona zimekunjika. Akauliza, "Mwalimu, yule mbuzi wa Mama Sauda alikwenda wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mwendesha kikao akasema tuendelee na maswali ya maana, mzee akakaa.

Usiku nilifungua kitabu changu. Mbuzi alifungwa kwenye mwarobaini ukurasa wa 41, na hadi mwisho wa hadithi hakuna mtu aliyemfungua. Mvua kubwa inanyesha ukurasa wa 60, nyumba ya Mama Sauda inaungua ukurasa wa 88, mbuzi yuko pale pale kwenye kamba. Mhariri hakumwona. Mimi niliyemfunga sikumwona. Jina la yule mzee sikuliuliza, na Bombo nimekwenda mara ngapi nikitazama nyuso za wazee vibarazani.

Kwa hiyo mkimaliza kusalimiana na wakubwa, tokeni kwenye viti vya mbele. Kaeni na mama aliyekuja na kitabu kilichochakaa, na kijana wa bodaboda anayesoma akisubiri abiria. Akikuuliza jambo la kijinga, liandike kwanza, ucheke baadaye ukifika nyumbani. Na swali la "mawazo unayatoa wapi" msimuulize mgeni. Ameshalijibu mpaka amechoka.

Wewe mwenye shati, njoo Jumamosi na zile kurasa tatu za kwanza. Chai itakuwepo, na mihogo. Kalamu nyekundu nimeificha, nitatumia penseli.

Mwalimu wenu mstaafu