Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2022

Ndugu wanachama wa chama chetu cha msaada wa kisheria, Arusha,

Poleni na safari, hasa mliotoka Longido na Karatu. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na orodha ya mashauri tuliyoyasaidia vijijini imo kwenye makabrasha yenu. Mengi ni yale yale: mirathi, mipaka ya mashamba, matunzo ya watoto, dhamana polisi. Kazi imefanyika na sina la kuongeza, ila kuwashukuru wasaidizi wa kisheria waliotembea kwa miguu pale nauli ilipokwisha.

Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotugawa. Wengi wenu mlilifuata kwenye kundi la WhatsApp tu, na kule kila mtu alikuwa hakimu.

Machi 2022 marafiki wetu wa nje walituletea tamko tulitie saini. Lilitaka Urusi iondolewe kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kwa sababu ya vita vya Ukraine. Kamati ilikuwa tayari kusaini, ndipo baadhi yenu mkauliza: mbona Tigray hatukuletewa karatasi? Mbona Yemen? Mbona mashariki ya Congo, ambako watu wanakimbia miaka nenda rudi? Swali lilikuwa la haki. Tukaomba aya moja iongezwe kuhusu maeneo hayo, tukajibiwa kwa upole kwamba tamko ni la nchi moja. Hatukusaini.

Tarehe 7 Aprili Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura na Urusi ikasimamishwa: 93 ndiyo, 24 hapana, 58 hawakuegemea upande. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa katika hao 58, na Burundi ilisema hapana. Siku ile kundi letu lilijaa vicheko na maneno ya "wakubwa wameshikana mashati". Niliwaacha mcheke. Leo naona nilikosea, kwa sababu kicheko kile kilitupa raha ya kuona unafiki wa wengine, na raha hiyo ililevya.

Kwa walio wapya: Baraza la Haki za Binadamu, lile la Geneva, ndilo lililochukua nafasi ya Tume ya Haki za Binadamu iliyokuwapo tangu 1946. Tume ilikufa kwa aibu. Nchi zilikuwa zinagombea viti humo ili zijikinge, na mwaka 2003 uenyekiti ulikwenda Libya ya Gaddafi. Azimio la kuunda Baraza, la tarehe 15 Machi 2006, likaandika wazi kwamba kazi yake iongozwe na kutopendelea, ukweli usioegemea upande na kutochagua nani wa kulaumiwa. Ili maneno hayo yapate meno kidogo, yakaanzishwa mapitio ambayo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa inatakiwa kupitia, kubwa kwa ndogo, ikihojiwa na wenzake. Tanzania ilikalia kiti hicho cha kuhojiwa mara ya tatu Novemba 2021. Marekani imewahi kukikalia, China imekikalia, Shelisheli imekikalia. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu bora kuliko vyote pale Geneva. Hakiumi sana, lakini hakibagui.

Nje ya mapitio hayo mambo ni ya kura, na kura ina jamaa zake. Tarehe 31 Agosti 2022, dakika chache kabla ya kumaliza muda wake, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Michelle Bachelet, alitoa ripoti kuhusu Waislamu wa Uighur wa Xinjiang. Tarehe 6 Oktoba likaletwa ombi mbele ya Baraza. Halikuwa ombi la kulaani wala la kuunda tume, lilikuwa la kujadili tu. Likaanguka kwa kura 19 dhidi ya 17, na 11 hawakuegemea upande. Afrika ina viti 13 mle. Aliyesema ndiyo ni Somalia peke yake. Wale waliouliza "mbona Yemen" mwezi Machi, Oktoba sikuwasikia wakiuliza "mbona Xinjiang".

Lakini Geneva ni mbali. Nije nyumbani, ambako ndiko tulikojikwaa.

Juni serikali ilianza kuweka vigingi vya mpaka kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo. Serikali ilisema ni uhifadhi wa vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Wakazi walisema ni malisho yao na vijiji vyao. Tarehe 10 kulitokea vurugu, askari polisi mmoja akapoteza maisha, wakazi wakajeruhiwa na wengine wakavuka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakatoa tamko ndani ya siku chache. Sisi, chama cha Arusha, mkoa ule ule, tulichukua wiki tatu. Mmoja wenu aliniandikia: "Mwenyekiti, haya si ya kuingilia, yana wenyewe." Mwenzake akataka tuandike habari za wakazi tu, kifo cha askari tukipite kimya. Wote wawili walikuwa wamepiga kelele sana Machi kuhusu upendeleo wa Wazungu.

Katikati ya ukimya wetu, tarehe 23 Juni, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisoma uamuzi wa fidia wa Waogiek wa msitu wa Mau. Kenya iliamriwa kulipa shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu, na kuwapa Waogiek hati ya ardhi ya pamoja. Kundi likachangamka tena: Kenya imeshikwa! Mahakama hiyo ni jirani yetu, imepanga kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, barabara ya Dodoma, wengine mnaipita mkienda sokoni. Ila tangu 22 Novemba 2020 Mtanzania hawezi kuifungulia mlango mwenyewe, kwa sababu nchi yetu iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kwenda pale moja kwa moja. Kenya haikuwahi kulitoa. Waogiek walipitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Banjul, ndiyo ikawafikisha. Njia hiyo ni ndefu, lakini na sisi tunayo, na nataka mafunzo ya mwaka huu yaianze. Kwa Mahakama ya Afrika Mashariki, mkumbuke shauri hufunguliwa ndani ya miezi miwili tu tangu tukio. Na mkumbuke kilichovikuta vijiji vinne vya Loliondo pale tarehe 30 Septemba: shauri la tangu 2017 lilitupwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Uchungu bila ramani na picha zenye tarehe haushindi kesi.

Sasa hoja yangu. Mkataba ulioanzisha Mahakama ya Afrika una kifungu cha 22: jaji asikae kwenye shauri la nchi yake. Marehemu Jaji Augustino Ramadhani alikuwa Rais wa Mahakama ile, na kesi dhidi ya Tanzania ilipoitwa alikuwa anampisha mwingine. Jaji Imani Aboud, aliyechaguliwa Rais mwaka 2021, naye alifanya vivyo hivyo. Hakuna anayesema hao ni watu wa kupendelea. Wanatoka kwa sababu utaratibu hauulizi moyo wa mtu ukoje.

Sisi hatuna utaratibu huo, na nitoe mfano wa karibu kuliko wote. Kikao cha Juni kuhusu Loliondo nilikiongoza mimi. Mke wangu ana kaka zake wawili Ololosokwan, kijiji cha Loliondo. Sikusema, na hakuna aliyeniuliza. Rasimu ya kwanza ya tamko, ile ambayo haikumtaja askari, niliiandika mimi usiku, nikiwa nimetoka kuongea na shemeji zangu kwa simu. Katibu ndiye aliyeirudisha. Ninamshukuru mbele yenu, maana siku ile nilimkaripia.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu marekebisho ya katiba ya chama, yapo ukurasa wa mwisho wa kabrasha. Mwanachama mwenye ndugu, mwajiri, cheo cha chama cha siasa au fedha katika jambo linalotolewa tamko, ataje na atoke. Na kila tamko kuhusu nchi ya wengine lisomwe kwanza kwa kubadilisha jina la nchi na kuweka Tanzania. Tukishindwa kulisaini hivyo, tusilitoe.

Marekebisho yanahitaji theluthi mbili. Mama Makamu ataongoza mjadala na kura, kwa kuwa jambo lenyewe linanihusu. Nitakuwa nje hapo barazani, mniite mkimaliza.