Eda ina hesabu yake, msimwongezee kizuka mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Waislamu wenzangu wa mwambao kuhusu eda ya kufiwa, yaani muda ambao dini imemwekea mjane kukaa kabla ya kuolewa tena. Nawalenga wakwe, mawifi, wasimamizi wa mirathi na waajiri. Mjane mwenyewe mara nyingi hana ubishi: alimpenda mumewe, anamcha Mola wake, na yuko tayari kukaa. Tatizo ni sisi tunaomkalisha.

Pwani mwanamke huyo tunamwita kizuka, na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa pepo linalomtokea mtu gizani. Nyumba nyingine zinamweka kama pepo kweli. Madirisha yamefungwa, kioo kimegeuziwa ukutani, haogi ila Ijumaa, hachani nywele, haangalii mwezi, hapokei simu, sahani yake peke yake. Katika hayo yote hakuna hata moja lililoamrishwa na Mungu wala Mtume wake (S.A.W.). Yaliyoamrishwa ni matatu: asiolewe mpaka muda uishe, aache mapambo, na alale katika nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe.

Tuanze na mapambo, maana hapo ndipo mapenzi yalipo. Mke wa Pwani jioni huweka makaa mawili matatu kwenye chetezo, akatia kipande cha udi, akafukiza shuka na nguo ya kulalia. Asumini kichwani, wanja machoni, hina miguuni, bangili mkononi. Vyote hivyo alimfanyia mtu mmoja. Sasa soma hadithi ya Ummu Atiyya, sahaba wa kike wa Mtume (S.A.W.), uone mjane alikatazwa nini: nguo zilizotiwa rangi kwa urembo, wanja, manukato. Hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, ikaongeza vito na hina. Ni orodha ya chetezo na kisanduku cha wanja. Anachokiacha kwa miezi minne ni kile alichokuwa akimpa marehemu kila jioni, basi. Mungu hakumnyima maji, mwanga, chakula wala mazungumzo, kwa sababu hivyo havikuwa pambo.

Kwa hiyo ukishindwa kuamua jambo, uliza swali moja: hili ni pambo au si pambo? Sabuni isiyo na manukato si pambo. Aoge mara tatu kwa siku joto likizidi. Kukata kucha na kuchana nywele kunaruhusiwa. Mafuta yasiyo na harufu nzuri mwilini ruhusa, ila kwenye nywele za kichwa madhehebu yetu ya Shafi yanazuia. Akiumwa macho na dawa yake ina rangi ya kupamba, atie usiku, asubuhi apanguse. Nguo si lazima iwe nyeusi, si lazima iwe nyeupe, na kaniki haina fadhila yoyote. Kanga zake za kushindia zinatosha. Hata manukato hayakufungwa kabisa: akitoharika hedhi, hadithi hiyohiyo imemruhusu kidogo cha kuondolea harufu.

Hesabu ya siku nayo inaharibiwa sana. Aya ya 234 ya Suratul Baqara inasema miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwezi mwandamo. Wanaohesabu kwa kalenda ya ofisini wanamkalisha mjane siku kadhaa ambazo hazimo. Hesabu inaanza saa aliyokufa mume. Haingoji mazishi, wala habari kufika. Mume akifia Muscat na maiti ikachukua wiki kuletwa, wiki hiyo imo ndani ya eda. Habari ikichelewa miezi miwili, mjane anakaa iliyobaki tu.

Mfano: mume amekufa mchana wa tarehe 12 Rajabu, na Rajabu hiyo ikawa na siku 30. Zimebaki 18, ziweke kando. Hesabu Shaabani, Ramadhani na Mfunguo Mosi kwa kuandama kwa mwezi, ziwe 29 au 30. Ukifika Mfunguo Pili chukua siku 12 ukamilishe ule mwezi uliokatika uwe 30, kisha ongeza 10. Anatoka tarehe 22 Mfunguo Pili, saa ileile. Rajabu ikiwa na siku 29, atatoka tarehe 23. Kwa vyovyote jumla haizidi siku 130. Iandikwe siku ya kwanza kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni kwa ndani, ili asije mtu mwezi wa tatu na hesabu yake.

Mjane mwenye mimba hahesabu miezi. Eda yake inaisha akijifungua. Subaia wa kabila la Aslam alijifungua muda mfupi tu baada ya mumewe kufa, watu wakamsema, Mtume (S.A.W.) akamwambia yuko huru kuolewa. Bibi aliyekwisha koma hedhi anakaa. Aliyefungishwa ndoa akafiwa kabla ya kuingiliwa pia anakaa, na anarithi. Aliyepewa talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, kisha mume akafa kabla eda ya talaka haijaisha, anaiacha hiyo na kuanza ya kufiwa, naye anarithi. Huyu wa mwisho ndiye anayedhulumiwa kuliko wote, kwa sababu ndugu wa mume husema alishaachwa.

Sasa suala la kutoka nje. Mchana anatoka kwa haja: sokoni, hospitali, mahakamani, kazini. Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha fiqhi (sheria za dini), Minhaji, kimesomeshwa mwambao huu kizazi kwa kizazi, ametaja hata kutoka kununua chakula na uzi. Akaongeza kwamba usiku anaweza kwenda kwa jirani kusokota na kuzungumza, mradi arudi kulala kwake. Kuzungumza! Wanazuoni walijua mtu aliyefiwa anahitaji mwenzake wa kusema naye jioni, sisi tunamfungia. Nyumba ikiwa haina usalama, au mwenye nyumba amemtoa, anahamia pengine na anamalizia huko.

Kumfungia huku kuna hasara nyingine inayopimwa kwa shilingi. Kwetu Tanzania Bara mirathi ya Kiislamu mara nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na hakimu hutaka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kinakaa, kizuka yuko chumbani, jina lake linaandikwa kwenye muhtasari bila yeye kuulizwa kitu. Msimamizi akishateuliwa, kanuni zinampa miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Angalia vizuri: miezi minne. Mjane aliyeambiwa asitoke anatoka siku karatasi zimekwisha kupelekwa. Na wapo wanaomwambia mirathi haiguswi mpaka atoke eda, huku kwa mlango wa nyuma gari limeshauzwa. Haki yake katika mali ilianza saa mume alipokata roho. Kama ana mimba, fungu la mtoto huwekwa akiba, hilo ndilo la kusubiri.

Kikao kifanyike sebuleni kwake, mchana, mlango wake wazi, asomewe muhtasari kabla hajatia saini, abaki na nakala. Cheti cha kifo kiombwe mapema, kwani taarifa ya kifo inatakiwa kutolewa ndani ya siku 30.

Mpangilio wa mali ni huu: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mahari iliyobaki ni deni kama deni la duka. Mume ameacha shilingi 17,000,000 baada ya mazishi, mahari isiyolipwa ni 1,000,000, hana wasia, ana watoto. Mjane anachukua kwanza 1,000,000 yake. Katika 16,000,000 zilizobaki anachukua thumuni, moja ya nane, yaani 2,000,000. Wangekuwa wake wawili, thumuni hiyohiyo wangeigawana 1,000,000 kila mmoja. Marehemu asingekuwa na mtoto, ingekuwa robo. Pilau ya siku tatu za matanga haimo katika orodha hii. Alipokufa Jaafar, binamu yake, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Leo wafiwa ndio wanaopika, kwa fedha ambazo ndani yake mna fungu la yatima.

Jambo moja watu wengi hawalijui: katika madhehebu ya Shafi mjane hana nafaka ya eda, yaani fedha za matumizi. Ana haki ya makazi, na kama nyumba ni ya kupanga, kodi ya muda huo inatoka kwenye mali ya marehemu. Chakula hakimo. Ndiyo maana kumwambia asitoke, asifanye kazi, na mirathi isubiri, ni kumwambia akae na njaa kwa jina la dini.

Waajiri nanyi mna sehemu yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa misiba ya watu wake wa karibu, na hizo ni za mzunguko wote wa miezi 36. Aliyefiwa na mama mwaka jana akazitumia, mume akifa hana tena siku ya malipo. Ongeza likizo yake ya mwaka, siku 28, bado yuko mbali sana na 130. Oman sheria ya kazi inampa mjane Mwislamu siku 130, na Saudi Arabia si chini ya miezi 4 na siku 10 kwa malipo kamili. Hapa kwetu anarudi kazini, na fiqhi inamruhusu. Anachokihitaji si kikubwa: asipangiwe zamu ya usiku, maana lazima alale kwake, asitumwe semina ya mkoa mwingine, asilazimishwe rangi ya mdomo na manukato kama anafanya kazi mapokezi. Muuguzi anaweza kubadilishana zamu na mwenzake kwa miezi minne. Aombe kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Suala la posa nitalipita haraka. Wakati wa eda kumdokeza mjane kunaruhusiwa, kumposa waziwazi haramu, na ndoa ikifungwa ni batili. Shemeji hamrithi mjane. Qurani imelikataza hilo katika Suratun Nisaa, na kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mjane akae anakotaka na aolewe na amtakaye, ila aliyeolewa Kiislamu angoje eda yake iishe.

Na waume walio hai wasikilize. Mkeo ataacha udi na wanja kwa ajili yako miezi minne na siku kumi, ilhali baba yake mzazi akifa anakaa siku tatu tu. Ummu Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake Abu Sufyan alijipaka manukato siku ya tatu makusudi ili watu wajue mpaka huo. Wewe umemwandikia nini? Mtume (S.A.W.) alisema Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Andika mahari uliyobakiza, unadaiwa na nani, unamdai nani, hati ya kiwanja iko wapi, cheti cha ndoa kiko wapi. Ukurasa mmoja, mashahidi wawili, nakala moja abaki nayo yeye.

Saa ya kutoka ikifika, hakuna kisomo maalumu kilichowekwa, hakuna kupelekwa baharini, hakuna mpishi wa kukodi. Wifi mmoja amletee makaa na chetezo.

Mwalimu wa darasa la kina mama,
Tanga