Tusimfumue Fadlu kabla hajamaliza kushona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niongee na Wanasimba wenzangu, maana tangu Jumamosi usiku sina amani. Kufungwa na Yanga kunauma, na huu wa Oktoba 19, 2024 ni wa nne mfululizo tangu watupige mkono, 5-1, Novemba mwaka jana. Lakini kinachoninyima usingizi hasa ni maneno niliyoyasikia tukitoka uwanjani kuhusu kocha wetu, Fadlu Davids.

Nilikuwa jukwaa la mzunguko, upande wetu. Mpaka dakika ya 85 hakuna aliyefikiria kukaa. Dakika ya 86 mpira ukamgonga Kelvin Kijili ukaingia golini kwetu. Mzee aliyesimama mbele yangu alivua kofia yake nyekundu, akaikunja taratibu kama anayekunja mkeka, akaitia mfukoni. Hakusema neno. Waliosema ni vijana, na hatukuwa hata tumefika kituo cha Uhasibu kupanda gari: "Fadlu aende zake." Kwenye daladala ya Tandika wimbo ukawa huo huo. Jumapili asubuhi kijiweni kwetu walishavuka hatua hiyo, wanataja majina ya makocha wa kumrithi.

Ndugu zangu, Fadlu Davids ameletwa Julai. Leo ni Oktoba.

Tuhesabu kwanza. Ligi tumecheza mechi sita. Tabora United tuliwafunga tatu, Fountain Gate nne, Azam mbili pale Amaan, Zanzibar, Dodoma Jiji moja. Coastal Union tukatoka 2-2, kisha hii ya watani, Yanga. Pointi 13 kati ya 18. Tumefunga magoli 12, tumefungwa matatu, na moja kati ya hayo matatu tumejifunga wenyewe. Afrika tumekwenda Tripoli tukapata suluhu, tukarudi Uwanja wa Mkapa tukawapiga Al Ahli Tripoli 3-1 na sasa tuko makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ukimwonyesha mtu asiyejua mpira wetu hesabu hizi, ukamwambia kocha wa timu hiyo anatakiwa kufukuzwa, atakuuliza kafanya kosa gani nje ya uwanja.

Tena amezipata na timu gani? Clatous Chama hayupo, na sote tunajua alikwenda Yanga. Bocco hayupo, Saido hayupo, Inonga kaenda Morocco, Miquissone kaachwa. Golini kuna Moussa Camara. Mbele yake kuna Chamou, Hamza na Nouma, katikati Debora, Okejepha na Ahoua, na mbele kabisa Mutale, Mukwala na Ateba. Watu hawa mwezi Juni wengi wao walikuwa hawajaonana kwa macho. Walikutanishwa Ismailia, Misri, kwenye maandalizi ya msimu, na Ateba akaja baada ya hapo. Muunganiko hauji kwa sababu mmevaa jezi ya rangi moja.

Mimi ni fundi cherehani, miaka mingi sasa. Kuna wateja wa aina moja ninaowajua wakiwa bado mlangoni: anakuja na suti nusu, kwapani, kwenye mfuko. Ameichukua kwa fundi mwingine kwa sababu alichelewa, au kola haikumpendeza. Mimi siwezi kuendelea pale alipoishia mwenzangu. Mkato wake siujui, vipimo aliviandika kwenye daftari lake. Basi nachukua wembe nafumua. Ukifumua mshono, kitambaa kinabaki na matundu ya sindano, inabidi ukate ndani zaidi, na suti inazidi kubana. Akiipeleka kwa fundi wa tatu, haimtoshi tena. Nimewahi kupokea koti lililopita kwa mafundi wanne. Kitambaa kilikuwa kizuri kweli, nilikishika nikasikitika.

Hiyo ndiyo Simba tangu kocha Sven Vandenbroeck aondoke Januari 2021. Akaja Gomes, aliyetuongoza tukamfunga Al Ahly ya Misri kwa bao la Miquissone na tukamaliza vinara wa kundi Ligi ya Mabingwa. Oktoba ile ile Jwaneng Galaxy wakatutoa nyumbani, akaondoka. Pablo, akaondoka. Zoran, ligi ndiyo kwanza imeanza, akaondoka. Robertinho. Benchikha. Makocha wa kigeni watano ndani ya miaka mitatu na nusu, na hapo sijahesabu vipindi ambavyo Juma Mgunda na Selemani Matola walikabidhiwa timu kushikilia mpaka apatikane mwingine. Ubingwa wa mwisho tuliuchukua msimu wa 2020/21. Tangu hapo kabati limejaa majina ya makocha.

Nataka tulitazame hili la Robertinho vizuri, kwa sababu ndilo linalofanana na la leo. Aprili 2023 alitufikisha robo fainali ya Mabingwa, tukawafunga Wydad hapa, wakatutoa kwa penalti kule Casablanca. Novemba tukapigwa zile tano. Siku mbili baadaye hayupo. Sitetei zile tano, nilikuwepo na sitazisahau. Ninachouliza ni tulipata nini kwa kumwondoa. Alikuja Benchikha, kocha mwenye jina, naye Aprili akaondoka kwa sababu za kifamilia kabla msimu haujaisha. Tukamaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, wakatuzidi kwa magoli. Ndiyo maana mwaka huu tuko Shirikisho na wao walikwenda Mabingwa.

Angalia washambuliaji peke yao uone gharama yake. Moses Phiri alikuja 2022, Baleke Januari 2023 na magoli alikuwa anafunga. Januari 2024 wote wawili wakaondolewa, wakaletwa Jobe na Freddy. Kabla msimu huu haujachanganya, Jobe na Freddy nao hawapo, wamekuja Mukwala na Ateba. Kila fundi na uzi wake. Hela zilizopotea humo sizijui, lakini muda uliopotea nimeuona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa pale mzunguko.

Sasa niseme jambo ambalo Mwanasimba halisemi kwa furaha. Watani hapa wametushinda akili. Kocha Nasreddine Nabi alifika Yanga Aprili 2021. Julai tukamfunga fainali ya Kombe la FA kule Kigoma. Septemba Rivers United ya Nigeria wakamtoa mapema kabisa kwenye Mabingwa, nyumbani na ugenini. Hawakumwondoa. Msimu ule akachukua ubingwa bila kupoteza mchezo. Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Al Hilal ya Sudan wakamtoa tena, akaangukia Shirikisho, na Club Africain wakaja Mkapa wakalazimisha suluhu. Nina mteja wangu wa Yanga, mtu mzima, alikaa kwenye benchi langu siku iliyofuata akaapa kwamba Nabi asipofukuzwa wiki ile yeye kadi ya uanachama anaichana. Nilicheka sana, Mungu anisamehe. Wiki moja baadaye Aziz Ki akafunga Tunis. Mei na Juni mwaka uliofuata Yanga wanacheza fainali ya Afrika na USM Alger, wakashinda hadi Algiers, wakakosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini tu. Yule mteja kadi yake anayo mpaka leo. Ananionyesha kila akija kuchukua nguo.

Sisemi Fadlu hana makosa. Ile ya Coastal Union tulitangulia mawili, wakarudisha yote mawili, na timu inayotaka ubingwa haifanyi hivyo. Dakika za mwisho tunarudi nyuma mno, tunampa mpinzani mpira tukisubiri filimbi. Jumamosi tuliadhibiwa kwa hilo hilo. Hayo aulizwe, na ayajibu. Lakini kumuuliza fundi kwa nini mkono mmoja umekuwa mrefu si sawa na kumnyang'anya kitambaa.

Najua jibu la vijana wa kijiweni: Simba si timu ya kujifunzia. Kweli kabisa. Lakini huyu si mwanafunzi. Aliipeleka Maritzburg United, timu isiyo na fedha za wakubwa wa Afrika Kusini, mpaka fainali ya kombe lao mwaka 2018. Msimu uliopita alikuwa msaidizi Raja Casablanca, na Raja walichukua ubingwa wa Morocco bila kupoteza hata mchezo mmoja. Kaja na benchi lake zima la ufundi, kocha wa viungo wake, wa makipa wake, wa kuchambua mechi wake. Tukimwondoa yeye wanaondoka wote, na anayekuja atatazama Debora, Okejepha na Mutale, atasema hawa si watu wangu. Dirisha dogo la usajili tutaanza kununua upya. Halafu mwakani Oktoba tuko hapa hapa.

Kwa viongozi wetu naomba jambo moja tu: simameni hadharani mseme huyu ni kocha wetu hadi mwisho wa msimu, kisha mnyamaze mfanye kazi. Wachezaji wanasikia. Beki akishajua kocha wake anaondoka Ijumaa, maelekezo ya Alhamisi hayaingii. Na sisi mashabiki tumwache Kijili apumzike. Mpira ule ungeweza kumgonga yeyote.

Jumanne tuko Uwanja wa Sokoine na Tanzania Prisons, na Mbeya hakuna mechi rahisi. Mwishoni mwa Novemba Bravos do Maquis ya Angola wanakuja Mkapa kufungua kundi. Nitafunga ofisi saa nane mchana, cherehani nitaifunika kanga, nitakwenda mzunguko sehemu yangu ile ile. Yule mzee wa kofia natumaini nitamkuta. Na upande wa pili wa uwanja, kwenye benchi letu, naomba nimkute Fadlu.

Mwanachama wa Simba,
Fundi cherehani, Tandika,
Dar es Salaam