Matembezi ya Jumamosi: Boma la Kijerumani

Ndugu wanakikundi, habari za leo.

Jumamosi tutakutana saa tatu asubuhi kwenye lango la Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha, yaani Boma ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1900 na ambalo limekuwa makumbusho tangu 1987. Naomba tuzitazame kuta zaidi ya maonyesho. Mafundi wanaokarabati nyumba za kale za mawe hupendelea lipu ya chokaa, kwa sababu chokaa hupitisha unyevu, ilhali saruji huuzuia ndani mpaka lipu ivimbe na kubanduka vipandevipande. Mimi mwenyewe niliwahi kuziba ufa wa nyumba ya babu kwa saruji, na masika mawili hayakupita kabla kipande kizima hakijaanguka, kikiwa na jiwe lake. (Babu alicheka, bibi hakucheka.)

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, hivyo nyumba kama hizi hutegemea tangazo la Waziri.

Atakayechelewa atukute ndani.