Mhariri, sijafiwa, natembea tu

Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi nasubiri yangu. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hii barua nimeianza mara tatu nikaiacha, leo nimesema liwalo na liwe naimaliza.

Jumamosi iliyopita saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa natoka Mtwara mjini naelekea Mikindani kwa miguu, nimevaa baibui langu na raba za mwanangu, na kwenye mwendo wa nusu saa tu nikasimamishwa na watu watatu. Wa kwanza bodaboda, "Mama panda, hela hata ukinipa kesho." Wa pili bajaji, anauliza gari limetuharibikia wapi aje atuvute. Wa tatu ndo kanimaliza, ni mtu tunafahamiana, alipaki gari pembeni akashuka kabisa, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nani kafariki?" Nikamwambia hakuna aliyefariki, natembea. Akaniuliza unatembea kwenda wapi, nikamwambia natembea tu. Aliniangalia kwa huruma mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujihurumia.

Yaani huku kwetu mtu mzima akionekana anatembea alfajiri bila kapu, bila jembe, bila ndoo, basi ana msiba au kachanganyikiwa.

Mimi nina duka la vitenge sokoni, kutwa nzima nakaa kwenye stuli, nikanenepa na presha ikapanda, daktari akaniambia mama tembea. Nikamwambia mbona natembea, natoka dukani naenda kununua chai narudi, akacheka akasema hiyo siyo hesabu, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kujitikisa mwili mpaka pumzi ibadilike. Ndo nikaanza. Mwanzo nilikuwa nazunguka mtaani kwetu Ligula, mbwa wakanizoea, nikachoka kuona mageti yale yale, nikasema ngoja nitafute njia zenye kitu cha kuangalia.

Kinachonichekesha ni kwamba watu wa kusini hatuna haki ya kuogopa kutembea. Nchi nzima muuza bidhaa za mkononi anaitwa machinga, na jina lenyewe limetoka huku, Mchinga ya Lindi, vijana wetu walivyofika Dar wakawa wanatembea kutwa na mzigo begani mpaka watu wakaligeuza jina la kwao kuwa jina la kazi. Tunatembea tukiwa tunauza. Tusipouza tunapanda bajaji hata kwenda kona ya pili.

Sasa hiyo njia ya Mikindani. Ni kama kilometa 10, kwa mwendo wangu na goti langu la kushoto ni saa mbili na nusu, ukitoka mapema jua linakuja kwa nyuma halikusumbui macho. Nusu ya kwanza haina raha nasema ukweli, ni malori na vumbi, lakini ukishaanza kuiona ghuba mkono wa kulia mambo yanabadilika, mikoko, mitumbwi imelala kwenye tope, kinamama wameinama wanachokoachokoa, na mibuyu, mibuyu mikubwa ile ambayo ukiangalia vizuri unaona watu wamekata majina yao kwenye gome. Mikindani yenyewe ni mji wa zamani kuliko Mtwara kwa mbali sana, Mtwara mji umekuja kukua miaka ya 1940 mwishoni Waingereza walipokuja na ule mradi wao wa karanga wakataka bandari ya kina kirefu, karanga zikafeli bandari ikabaki. Lakini Mikindani ina nyumba za mawe, zingine zimebaki kuta tu na mtini umeota ndani, zingine bado zina baraza na mlango wa nakshi na bibi kakaa hapo anauza vitumbua. Vitumbua vya Mikindani nakula, daktari asisome hapa.

Nyuma ya Boma, lile jengo jeupe la Wajerumani la mwaka 1895, kuna kilima. Nimekaa Mtwara miaka yangu yote hii na sikujua kama kinapandika! Aliyenionyesha ni mtoto wa shule, nilimkuta chini ananyonya embe nikamuuliza hiki kijia kinakwenda wapi, akanijibu kama vile nimeuliza kitu cha kijinga, "kinakwenda juu." Nikapanda. Kijia chembamba, mikorosho huku na huku, majani makavu ya mkorosho yanalia chini ya mguu kama mtu anakunja magazeti, na msimu wa korosho ukipita hapo harufu ya mabibo yaliyooza inakulewesha kabla hujafika nusu. Nilipumzika mara nne. Juu ukigeuka unaona ghuba nzima imekaa kama sahani, na ule mlango wake mwembamba wa kutokea baharini, na mabati na makuti ya mji chini yako, na sauti ya adhana ikija imechelewachelewa na upepo. Nikakaa juu ya jiwe nikalia kidogo, sijui kwa nini, labda ni pumzi.

Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapo Mikindani safari yake ya mwisho ya bara, ana ngamia, ana nyati, ana punda, na msururu wa watu. Huyo wageni wanamjua. Wakija wanatafuta nyumba yake, wanatafuta kilima, wanapanda, wanapiga picha wanaondoka, sisi tunabaki tunawashangaa "wazungu wanapenda kuchoka." Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Mhariri kilichonifanya nikuandikie ni hiki sasa. Kuna kijia kimoja cha pwani, sitasema ni wapi maana sitaki ugomvi na mtu, tulikuwa tunapita mimi na jirani yangu, wavuvi wanapita, watoto wakitoka madrasa wanapita, njia ya tangu tunazaliwa. Mwezi uliopita tumefika tukakuta seng'enge. Imetoka kwenye kiwanja cha mtu imeshuka mpaka mchangani, nguzo ya mwisho wameichimbia pale pale mwani unapoishia maji yakijaa. Kijana mlinzi akatuambia mama hapa ni eneo la mtu, zungukeni barabarani. Kuzunguka barabarani ni karibu nusu saa, na hakuna kivuli.

Sasa mimi siyo mwanasheria lakini mwanangu alinitafutia kwenye simu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57 inasema ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari usifanye shughuli ya kudumu, wala ile ambayo inaweza kuharibu hilo eneo. Mita 60! Mimi nilihesabu hatua zangu kutoka kwenye ile nguzo kurudi juu mpaka kwenye ukuta wa nyumba, hazifiki hata 40, na hatua zangu ni fupi. Sisemi abomoe nyumba. Nasema ule waya, anaulinda mchanga ili mchanga usiende wapi?

Na njia za pwani siyo za kuchezea, zina masharti yake, hilo nimejifunza kwa aibu. Siku moja tulivuka na jirani yangu kwa kivuko kwenda Msangamkuu, tukatembea ufukweni tukafika mbali sana maana maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu kama saruji, unatembea tu unasahau. Tukakaa chini ya mnazi tukala mihogo, tukapiga umbea mpaka saa nane, kumbe bamvua. Wasiojua, bamvua ndo yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya huku yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, na asubuhi ya saa nne yakiwa mbali kabisa ujue alasiri yanakuja kukudai. Kurudi tulikuta njia yetu iko chini ya maji, tukapandisha baibui kiunoni tukavuka tunashikana mikono, wavuvi wanatuangalia, mmoja akasema "Kinamama, kalenda hamna nyumbani?" Tangu siku ile kabla sijatoka namuuliza muuza samaki sokoni maji yanasemaje, hajawahi kunidanganya.

Lindi nina dada yangu, nikienda huko tunapanda Mtanda jioni upepo ukianza, unaona ghuba yao yote na ng'ambo kule Kitunda. Pazuri, na mtu hakuulizi nani kafariki maana wengi wanapanda. Lakini huko Lindi kuna njia moja ambayo mimi ikiniijia akilini silali. Tendaguru. Mwaka 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, zaidi ya tani 200, na yule mkubwa wao kasimamishwa makumbusho ya Berlin ana urefu wa mita 13 kwenda juu, watu wanalipa kiingilio kumuona. Tani zote hizo hazikubebwa na gari. Zilibebwa kichwani na begani, na watu wa huku huku, mwendo wa siku kadhaa porini mpaka bandari ya Lindi, wanarudi, wanabeba tena. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina lake lipo kwenye historia ya mradi ule, lakini nenda leo pale Lindi stendi uulize vijana kumi Boheti ni nani. Na hiyo njia waliyopita wapagazi nani anaweza kunionyesha inaanzia wapi? Hata kipande cha kilometa 5 tu, kisafishwe, kiwekwe kibao, mimi nitapanda basi la kwanza na goti langu hili hili.

Ninachoomba ni kidogo. Siombi bustani ya maua wala mabenchi ya chuma, tena mabenchi yangeibiwa. Naomba njia zilizopo zisizibwe, basi, na pale panapogawanyika pawe na kibao kinaonyesha huku kilimani huku pwani. Sisi ndo nchi ya wachonga vinyago, tunakosaje mtu wa kuchonga mshale kwenye ubao wa mpingo uliobaki? Na chupa za maji jamani. Mifuko ya plastiki ilikatazwa Juni 2019 na kweli imepungua, nakubali, lakini chupa mtu anamaliza anaiangusha pale pale aliposimama kama vile imemuunguza mkono. Mimi nabeba kiroba, nikifika nyumbani nina chupa thelathini, mjukuu wangu anazipanga uani anacheza duka.

Kinamama wenzangu wananiuliza siogopi? Naogopa, ndo maana siendi peke yangu kwenye vijia, barabarani sawa lakini kilimani na pwani lazima muwe wawili watatu, na simu ina chaji, na mtu nyumbani anajua mmeelekea wapi. Sasa hivi tumefika sita. Mmoja alikuja na viatu vya kisigino mara ya kwanza, alirudi anavibeba mkononi, wiki iliyofuata kaja na raba mpya za bluu kutushinda wote.

Nilirudi kwenye ile seng'enge juzi, nilitaka nipige picha nikutumie ukiweza kuitoa. Kijana mlinzi alikuwa yule yule, nikamsalimia nikamuuliza kwao wapi, akasema Nanyamba, basi tukaongea, kumbe mama yake namuuziaga vitenge. Nikamgawia korosho zangu za kuchoma. Akaangalia nyuma, akaangalia tena, akaniambia, "Mama, mkija kabla ya saa moja mkaniita nitawainulia waya mpite chini, bosi anakuwa bado amelala."

Jumamosi tutapita hapo. Tutainama.

Mtembezi wa Ligula,
Mtwara