Risala ya Chama cha Kompyuta kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, Bodi ya Usimamizi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo!

Shule nyingi hapa Nairobi zikipata mfadhili huomba kompyuta na bando. Sisi tunaomba diski, betri na anwani.

Tunapendekeza maktaba isiyohitaji intaneti: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, diski ya SSD (isiyo na sehemu inayozunguka) ya terabaiti 1 na kisambaza Wi-Fi. Programu huria ya Kiwix hufungua Wikipedia nzima kutoka faili moja. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake hupita gigabaiti 100. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 huchukua saa 22 bila kukatika. Diski ikipandishwa matatu mjini hufika Buruburu kabla ya chai ya saa nne, hata Jogoo Road ikiwa na msongamano. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, hutoshea kwenye fleshi.

Mambo yanayoangusha mitambo hii yanajulikana. Diski iliyoandaliwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, kwa hivyo iandaliwe kwa ext4, mfumo usio na kikomo hicho. Diski ya kuzunguka huvuta umeme mwingi inapowaka, nazo soketi nne za USB za Pi 4 hugawana ampea 1.2 tu, ndiyo maana tukataja SSD. Wi-Fi ya Pi yenyewe huelemewa na darasa la wanafunzi 40. Stima ikipotea mashine inapoandika, faili huweza kuharibika. Mtambo wote hula takriban wati 20, basi betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 20, huubeba saa kumi hivi.

Hivyo ni vyuma tu. Kazi yenyewe iko kwenye kisanduku cha kutafutia. Programu nyingi za utafutaji zimezoea Kiingereza, ambacho hubadilisha neno mwishoni. Kiswahili huanza mbele: ukiandika "soma", ukurasa wenye "wanasoma" au "tulisoma" hauonekani. Tunataka kuunda kikata viambishi, lakini kisu hicho kikitumiwa ovyo, kitabu hubaki tabu, na walimu, wakidhaniwa kitenzi cha wakati uliopita, hubaki "mu". Mtuwie radhi, walimu wetu. Dawa ni kutokata nomino kabisa: ziorodheshwe kwa jozi za umoja na wingi, na orodha hiyo ikaguliwe kwanza. Neno lisilokuwemo ndilo likatwe, na likishakatwa likubaliwe tu endapo mzizi uliobaki umo katika orodha ya vitenzi.

Akili unde tumeiweka kando kwa sasa. Modeli ya lugha inayoingia kwenye Pi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hutoa maneno machache kwa sekunde, na hukosea kwa ujasiri uleule inaopatia.

Mgeni wetu, CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, iliiachia dunia wavuti bila malipo tarehe 30 Aprili 1993. Hata hivyo, kazi nyingi nzuri za wanafunzi huishia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako mtu wa nje hawezi kuzitafuta. Tunapendekeza zichapishwe chini ya anwani ya tovuti ya shule inayoishia sc.ke, kwa HTML ya kawaida, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kila ukurasa usizidi kilobaiti 100 pamoja na picha. Anwani ya ukurasa isitaje darasa wala mwalimu, maana hivyo hubadilika na viungo vikafa. Jina au picha ya mtoto isipande bila idhini ya mzazi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Ombi letu ni SSD moja, betri na chaja yake, kisambaza Wi-Fi cha kubeba vifaa 50, na ada ya anwani kwa miaka 3 kwa mkupuo, kwani mwaka mmoja ukikosa kulipiwa kurasa zote hutoweka.

Pi tunayo. Iko kwenye meza iliyo karibu na mlango, ikiwa na Wikipedia ya Kiswahili. Ukijiunga, simu yako itanung'unika kwamba Wi-Fi hii haina intaneti na itataka kurudi kwenye data. Ikatalie.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Kompyuta